Kabla hujaniuliza nimekunywa nini, niulize damu imeanza lini

Mjadala wa kutoa mimba ukianza tu, iwe saluni, iwe msibani, iwe kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hapa Tanga, watu wanagawanyika hapohapo, huku wanasema dhambi huku wanasema haki ya mwanamke, kila mtu sauti juu, ila yule mwanamke ambaye muda huohuo anavuja damu chumbani kwake na anaogopa kutoka nje hakuna anayemtaja. Mie namtaja huyo. Nimelala naye wodini mzungu wa nne, kitanda kimoja watu wawili, kwa sababu siku ile wodi ilikuwa imejaa.

Mimba yangu sikuitoa, iliharibika yenyewe. Ilikuwa bado changa, tunaitaka, baba watoto kashaanza kuitafutia jina. Naanza kwa kusema hivo ila naomba mjue sisemi ili mnione mimi msafi kuliko wengine, nasema kwa sababu mambo yote niliyofundishwa na ile hospitali yamekaa hapohapo, kwenye kuharibika na kutoa, na jinsi watu wanavyotaka kwanza wajue wewe ni yupi kati ya hao wawili ndo waamue wakuhudumie vipi.

Mie ni fundi cherehani, nakaa Makorora. Damu ilianza jioni nikiwa kazini, mwanzo kidogo halafu ikaja kwa nguvu na maumivu ya kiuno. Shangazi yangu ndo aliyeniona navyoshika meza, hakusema neno, akachukua khanga zake mbili akanifunga, akaita bajaji. Baba watoto alikuwa safari, yeye ni dereva. Tukafika hospitali, sitaitaja na wala sitaki mtu aibahatishe, maana haya yanatokea kwingi.

Pale mapokezi swali la kwanza nililoulizwa sio damu imeanza lini. Swali la kwanza lilikuwa, "Umekunywa nini?" Nikasema sijanywa kitu. "Umewekewa nini?" Sijawekewa kitu. "Sema ukweli usaidiwe, usiposema shauri yako, hapa tunaweza kuita polisi." Nikaambiwa nikae kwenye benchi nitafakari. Nimekaa pale damu inapita kwenye khanga ya kwanza inaingia ya pili, watu wanapita, mie najiona kabisa macho yanaanza giza, na yule dada yuko mita chache anaandika daftari lake.

Shangazi akakumbuka kadi ya kliniki. Alikuwa kaitia kwenye pochi yangu wakati tunatoka. Akaitoa akaenda kuiweka juu ya lile daftari, imefunguliwa pale palipoandikwa hudhurio la kwanza, uzito, wingi wa damu, kundi la damu, mhuri. Yule nesi akaisoma, akaangalia tarehe, akaniangalia mimi, na jamani sauti ilibadilika palepale. Nilikuwa "we binti", nikawa "mama". "Pole mama, twende huku." Nikaletewa kitanda cha magurudumu, nikatundikiwa dripu, daktari akaitwa, vipimo vikachukuliwa, nikasafishwa kwa kile kipampu cha mkono cha kuvuta mabaki, na nashukuru Mungu niko hapa naandika.

Lakini kile kitu sijakisahau. Damu ilikuwa ileile. Presha iliyokuwa inashuka ni ileile. Kilichobadilika ni karatasi tu. Sasa je, angekuwa mtu hana kadi? Na wanaopoteza mimba wengi hawana kadi, mimba nyingi zinaharibika ndani ya wiki 12 za mwanzo, kabla mtu hajaenda hata hiyo kliniki, wengine wanajua tu mwezi umechelewa. Daktari mmoja mzee aliniambia asubuhi yake, kwa upole sana, kwamba katika mimba kumi zinazojulikana kama moja au mbili zinaharibika zenyewe, na zaidi ya nusu ya hizo za mwanzoni ni mtoto tangu siku ya kwanza hakujipanga sawa kwenye zile kromosomu, sio kwa sababu mama kabeba ndoo wala kapanda bodaboda wala kakanyaga kitu. Hayo maneno yalinisaidia kuliko dripu. Mie nilishaanza kujilaumu kwa ile cherehani ya miguu.

Asiyekuwa na kadi alikuwa yule niliyelala naye. Binti mdogo tu, kavuka ishirini juzi, anauza duka la mtu. Sitasema mengine ya kumtambulisha. Yeye alitoa, aliniambia mwenyewe usiku, kwa sababu ukilala mzungu wa nne na mtu anayetetemeka homa kitanda kizima kinatetemeka na wewe, mtaongea tu. Aliyempa mimba ni mwanaume mwenye mke wake na watoto, alimtumia hela kwenye simu halafu akabadilisha namba. Binti akaenda kwa mtu. Akaingiziwa kitu. Sitaandika ni kitu gani maana sitaki mtu asome hapa apate wazo, ila kilichomponza sana sio siku ile, kilichomponza ni siku zilizofuata. Alianza homa, akaanza kutoka uchafu unaonuka, tumbo linauma hata kuguswa na nguo hataki, na bado akakaa ndani, kwa sababu jirani alimwambia ukienda hospitali unatoka na pingu, miaka saba jela. Akawa anakunywa panado na maji ya uvuguvugu. Alipoletwa alishaanza kuweweseka.

Walimtoa kizazi. Hakuzaa bado, na hatozaa. Mama yake alikuwa anakaa nje kwenye kile kibaraza cha wodi na tasbihi yake, hakuna mtu aliyempa kiti. Na kila nesi aliyekuwa anapita kitandani kwetu alikuwa ananiuliza mimi "umeamkaje mama", halafu anamgeukia yeye anamwambia "haya wewe, geuka". Maneno hayohayo tu. Kuna mmoja tu, kaka muuguzi wa zamu ya usiku, ndo alikuwa anamwita dada na anamuuliza kama anasikia maumivu. Mmoja.

Nilivorudi nyumbani nikadhani yameisha, kumbe ndo yanaanza. Mtaani kwetu mtu akienda hospitali kwa damu akarudi bila tumbo, jibu lishapatikana. Wifi yangu hakusema mbele yangu, alisema kwa watu. Mama mkwe alikuja kunipa pole akakaa, akanywa chai, halafu akaanza kuzunguka, eti siku hizi wanawake mnapanga mambo wenyewe wanaume wakiwa safarini. Nikainuka nikaenda kabatini nikamletea ile kadi. Akaiangalia, akasema alhamdulillahi, akalia, tukalia wote. Na ikawa hivo kwa miezi, kila anayekuja na jicho lile naitoa kadi. Mpaka siku moja shangazi akaninyang'anya, akasema, "We mwana we, unamwonyesha nani? Wao ndo mahakama?" Na mie hapo ndo nikaanza kufikiri kwa kweli. Kila nilivyokuwa naonyesha ile kadi nilikuwa nasema kimoyomoyo mie sio kama yule, mie sistahili kutendwa vile. Maana yake yule anastahili? Anastahili kukaa benchi damu ikimtoka? Anastahili kuozea ndani kwa kumuogopa polisi? Hapana. Hata aliyemgonga mtu kwa gari akafika hospitali na yeye kavunjika anafungwa mguu kwanza.

Watu wakajua nshapita hapo, wakaanza kunijia. Mtu anakuja na kitambaa cha gauni, anapimwa, halafu anabaki. Ndo maana nilikwenda kusoma na kuuliza, sikutaka kuwa mtu wa kusema "nasikia".

Sheria yetu iko hivi. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, kifungu cha 150 kinamhusu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, hadi miaka 14. Cha 151 ndo cha mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7, hapo ndo yule jirani alipopata ile saba yake. Cha 152 ni anayetoa dawa au kifaa akijua kinaenda kufanya hiyo kazi, miaka 3. Wengi wanaishia hapo. Ila ukisogea mbele kuna kifungu cha 230, kinasema anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu kuokoa maisha ya mama hana kosa la jinai. Na mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, yale makubaliano ya nchi za Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo ibara yake ya 14 inataja mimba ya kubakwa, ya maharimu, na ile inayohatarisha maisha au afya ya mama, ya mwili na ya akili, lakini hayo hayajaingizwa kwenye sheria za ndani kwa hiyo daktari yuko katikati, hajui akisaidia atasimama wapi, na mgonjwa ndo kabisa.

Sasa kitu ambacho natamani kila mwanamke wa Tanga akijue, na wa Pangani na Muheza na Handeni, ni kwamba matibabu baada ya mimba kutoka hayana masharti. Iwe iliharibika iwe ulitoa, kusafishwa, kupewa dawa za maambukizi, kuongezwa damu, hiyo ni huduma halali, serikali inaifundisha kwa wauguzi na madaktari na inatolewa hospitali na kwenye vituo vya afya. Hakuna mahali panaposema ukiri kwanza. Ila na wewe usimfiche anayekutibu kama ulikunywa kitu au uliingiziwa kitu, kwa sababu kutoboka kizazi na sumu ya mitishamba na mabaki vinatibiwa tofauti, ukificha unampoteza. Na usisubiri. Ukilowesha pedi mbili ndani ya saa moja na bado inaendelea, ukipata homa, ukitoka uchafu unaonuka, tumbo likiuma lisiachie, ukizimia, ondoka nyumbani saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Kama una maumivu ya upande mmoja makali na kizunguzungu na damu ni kidogo tu, hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, hiyo inaweza kuua haraka sana. Uliza pia kundi lako la damu, ukiwa negativu kuna sindano ya kukukinga kwa mimba inayokuja.

Na kabla hujaruhusiwa uliza uzazi wa mpango. Mimi hili hawakuniambia mpaka nilipouliza mwenyewe. Watu wanadhani mwili unapumzika miezi, wakati unaweza kushika mimba nyingine ndani ya wiki mbili tu, hata hedhi haijarudi. Nimewaona watu wamerudi palepale ndani ya miezi michache kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo, waliambiwa tu "usirudie".

Kuhusu madhara, jamani tuache kutishana kwa uongo, ukweli unatosha. Nimesikia saluni kwamba ukitoa mimba lazima upate saratani ya titi. Hilo lilipimwa, mwaka 2004 watafiti walikusanya tafiti 53 za nchi 16, wanawake zaidi ya 80,000, hawakuona uhusiano huo. Nimesikia kwamba ukitoa mara moja huzai tena. Kinachoziba mirija na kuharibu kizazi ni maambukizi na majeraha, yaani njia mbovu na kuchelewa, ndo yaliyompata yule binti. Na kichwani? Wapo wanaoumia miaka, nawajua, wanakuja kwangu wanalia kimyakimya huku nakata kitambaa, na wapo wanaosema walipumua siku ile na hawajawahi kujuta, hao nao nawajua, ila hawa wa pili huwa hawasemi hadharani kwa hiyo unaweza kudhani hawapo. Ninachokiona kwa wote ni ule upweke wa kutomwambia mtu. Mie niliyeharibikiwa nilipewa pole nusunusu, wao hawakupewa kabisa.

Na hawa sio wachache. Watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa chuo cha Muhimbili pamoja na taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake Tanzania zilitolewa mimba kama 405,000, na wanawake kama 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara. Sheria ipo na yote hayo yalitokea. Kwa hiyo ukiniambia jela inazuia, mie nakuuliza, imemzuia nani? Naona imezuia watu kwenda kutibiwa.

Tena tujiulize msichana anafikaje huko. Mwezi wa sita mwaka 2017, Chalinze, hapa jirani zetu wa Bagamoyo, Rais Magufuli alisimama akasema mwanafunzi akipata mimba harudi shule. Namkumbuka mama mmoja mteja wangu, ana binti kidato cha pili, alikuja baada ya hapo anatetemeka, anasema sasa mwanangu likimpata la kumpata si ataona bora afe au aitoe kuliko kukosa shule? Zuio likaondolewa Novemba 2021, wizara ikatangaza wanarudi, na nashukuru kwa hilo, ila hiyo miaka ilipita na wapo waliopita humo. Na mwanaume anayempa mwanafunzi mimba sheria inasema miaka 30 tangu 2016, haya, mnaowafahamu waliofungwa mtaani kwenu ni wangapi? Mara ngapi wazee wamekaa wakamalizana kwa mbuzi?

Shangazi yangu mie hakubaliani nami kwenye mengi. Yeye ni mtu wa dini, kasoma, anasema roho ni ya Mungu na hakuna wa kuigusa. Mie namwambia shangazi, si unajua wanazuoni wenyewe wametofautiana kuhusu kutoa mimba kabla ya siku 120, kabla mtoto hajapuliziwa roho, anasema wametofautiana lakini hakuna aliyesema ni jambo jepesi. Na hapo yuko sahihi, nani kasema ni jepesi? Msimamo wangu nauweka wazi, mie nataka sheria ibadilishwe, angalau aliyebakwa na aliyepewa mimba na ndugu yake na anayeumwa wasaidiwe bila kuvizia. Na nataka kifungu cha 151 cha kumfunga mwanamke mwenyewe kifutwe. Yeye hataki hata kusikia.

Nilimsimulia habari za Savita Halappanavar, yule daktari wa meno mwenye asili ya India aliyekuwa anaishi Ayalandi. Mwaka 2012 mimba yake ya wiki 17 ilianza kuharibika, akaenda hospitali Galway, akaomba wamtoe mimba kwa sababu mtoto hawezi kupona tena, akaambiwa haiwezekani moyo wa mtoto bado unapiga. Maambukizi yakaingia kwenye damu, akafa, ana miaka 31. Uchunguzi ulikuta hawakumfuatilia vizuri, na pia kwamba sheria ilichangia. Mwaka 2018 wananchi wa kule walipiga kura, asilimia 66 wakataka katiba, iliyokuwa inazuia kutoa mimba, ibadilishwe. Shangazi alinyamaza, halafu akasema, "Huyo alikuwa kama wewe." Nikamwambia ndio, alikuwa kama mie, na hakuwa na shangazi mwenye kadi, na hata angekuwa nayo isingemsaidia.

Juzijuzi dada wa kazi wa jirani yetu alianza kutokwa damu asubuhi, tajiri yake kaenda kazini, akaja kugonga kwetu kainama. Shangazi ndo aliyefungua. Sikumsikia akimuuliza kitu, nilisikia tu ananiita nilete khanga na nisimamishe bajaji. Tulivyofika safari hii tulimkuta nesi mwingine, kijana, swali lake la kwanza likawa damu imeanza saa ngapi, la pili ameshalowesha pedi ngapi. Akalazwa, akasafishwa, akapewa vidonge, akapewa na tarehe ya kurudi, na kabla hajatoka akakalishwa akaelezwa uzazi wa mpango. Mpaka leo sijui iliharibika au aliitoa, sijamuuliza na shangazi hajamuuliza.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia shangazi, umeona, ndo ninachokisemea kila siku. Akasema, "Usinigeuze, kumpeleka mgonjwa hospitali ni kitu kingine, dhambi ni dhambi." Tukaanza. Kijana wa bajaji akapunguza redio asikilize, shangazi akamwambia aiongeze, mambo ya wanawake hayamhusu, mie nikasema yanamhusu tena sana, maana hakuna hata mmoja kati ya wale walioko kule wodini aliyejipa mimba mwenyewe, na tukawa tunabishana watu watatu mpaka tunafika Makorora.